Baridi Yabisi Katika Mji wa Joto



Ndugu msomaji, anayeujua mji wa Garissa analijua joto lake. Mwezi wa Machi, kabla mvua za masika hazijatuliza vumbi, hata maji ya mfereji hutoka moto wakati wa adhuhuri. Ndiyo maana majirani zangu walicheka, pasi na nia mbaya, nilipowaambia kuwa ninaugua baridi yabisi. "Abayo," aliniuliza mmoja wao, "baridi hiyo umeipata wapi?"

Sikuwa na jawabu. Mimi ni mzaliwa wa Lamu, niliyeolewa Garissa mwaka 2009, na kazi yangu ni cherehani: hushona mabuibui, madera na sare za madrasa. Mwaka 2018 vidole vyangu vilianza kukataa kazi. Niliamka kwa Sala ya Alfajiri mikono imefunga kama iliyotiwa gundi. Kuliinua birika la udhu kulinishinda, na kufunga kishikizo cha shati la mtoto kulinitoa machozi. Jua likipanda mikono ililainika kidogo, na kila aliyeniona adhuhuri alidhani mimi ni mzima.

Ninaandika haya kwa sababu ya miaka niliyoipoteza katika mabenchi ya hospitali, na kwa sababu ya binti mmoja wa nyumba yetu ambaye sikutaka aipoteze yake. Hospitali nilizopitia sitazitaja. Humo nilikutana na wauguzi waliokesha nami, na sipendi jina la mmoja lichafuliwe kwa kosa la mwingine. Lakini makosa yalikuwapo, na kuyanyamazia si subira.

Jina moja, maradhi mengi

Katika lugha yetu, neno baridi yabisi hubeba maradhi mengi ya viungo kwa pamoja. Bibi kizee mwenye goti lililochakaa kwa miaka, mzee mwenye jongo katika kidole gumba cha mguu, na kijana mwenye mikono iliyovimba, wote huambiwa wana baridi yabisi. Maradhi yangu mimi madaktari huyaita rumatoidi athraitisi. Hayaletwi na baridi, wala si ya wazee peke yao. Ni kinga ya mwili yenyewe inayokosea njia: badala ya kupigana na vijidudu, hushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Utando huvimba, kisha mifupa na kano huliwa pole pole, hata vidole vikapinda na visinyooke tena.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na maradhi haya, na takriban asilimia 70 yao ni wanawake. Dalili zake zina sura yake: huanza katika viungo vidogo vya vidole na vifundo vya mikono, au vya nyayo, huja pande zote mbili, na ukakamavu wa asubuhi hudumu nusu saa, saa nzima au zaidi. Pamoja nayo huja uchovu usioondoka kwa usingizi. Atakayeona dalili hizi kwa wiki sita asingoje ya saba, kwani tiba inayoanza mapema ndiyo huokoa viungo.

Miaka miwili ya sindano

Mimi sikuambiwa hayo. Kwa miaka miwili nilikuwa mgonjwa wa sindano ya diklofenaki. Nilipewa foleni, nikaketi tangu asubuhi, nikaingia chumbani kwa dakika tatu, nikatoka na sindano na vidonge vya maumivu. Mganga mmoja aliniambia ni uchovu wa cherehani. Mwingine alinitazama, akaniuliza nina watoto wangapi, akasema wanawake wenye watoto wengi ndivyo walivyo. Hakuna aliyenishika vidole hata mara moja.

Baadaye ikaja zamu ya brusela. Katika Kaskazini Mashariki, ambako maziwa ya ngamia na ya mbuzi hunywewa mabichi, brusela ni maradhi ya kweli, nayo huumiza viungo na kuleta homa. Daktari anayeifikiria hakosei. Lakini kile kipimo cha haraka kinachotumika katika zahanati nyingi, watafiti nchini Kenya wameshaonyesha kuwa hutoa majibu yasiyo sahihi mara nyingi. Nilitibiwa brusela mara mbili, wiki baada ya wiki za vidonge vikali, na mikono ikazidi kufunga.

Nyumbani nako hawakukaa kimya. Mavyaa, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinisugua kwa mafuta ya habasoda kila usiku. Mkono wake ulikuwa tiba ya moyo. Jamaa mwingine alileta mtu wa kuchoma kwa chuma cha moto, kama wafugaji walivyozoea tangu kale, na nilikubali kwa kukata tamaa. Alama mbili zimebaki katika kifundo changu cha kulia. Simlaumu. Hospitali ilikuwa imeacha mlango wazi, naye aliingia.

Machi 2020 daktari kijana, aliyekuwa mgeni katika mji, alinishika vidole kimoja kimoja, akanyamaza, kisha akaniandikia barua ya kwenda kwa bingwa Nairobi. Kabla sijapata nauli, maradhi ya korona yaliingia nchini, na tarehe 6 Aprili serikali ikafunga njia za kuingia na kutoka Nairobi. Zilifunguliwa Julai. Nilimfikia bingwa mwezi wa Agosti, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikiwa vimeshapinda. Alinieleza kwa upole kuwa vitakavyobaki tutavilinda, ila hivyo viwili havitarudi.

Bahasha ya dawa

Dawa niliyoandikiwa inaitwa methotreksati. Ni dawa ya zamani, bei yake si kubwa, na duniani kote ndiyo nguzo ya tiba ya maradhi haya. Lakini ina sharti moja ambalo kila mgonjwa na kila mwenye kumuuguza hana budi kulihifadhi: humezwa mara moja kwa wiki. Si kila siku. Pamoja nayo hutolewa vidonge vya asidi ya foliki ili kuupunguzia mwili madhara, na damu hupimwa kila baada ya muda ili kuangalia ini, figo na chembe za damu.

Nilichagua Ijumaa, na kwa mwaka mmoja na nusu mambo yakaenda vizuri. Nilirudi kwenye cherehani. Mwaka 2022, nilipokwenda kuongezewa dawa karibu na nyumbani, nilipewa bahasha ndogo ya karatasi iliyoandikwa kwa haraka: 4x1. Hapo awali nilikuwa nikimeza vidonge vinne kila Ijumaa. Nilimuuliza aliye dirishani kama sasa ni kila siku. Alijibu bila kuinua kichwa, "Fuata ilivyoandikwa, mama." Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu. Nikafuata.

Siku ya tano mdomo wangu ulijaa vidonda, hata maji sikuweza kuyameza. Ufizi ulitoka damu na homa ikapanda. Mume wangu aliiweka ile bahasha mfukoni alipokuwa akinipeleka hospitali nyingine, na hilo, baada ya rehema ya Mola, ndilo lililoniokoa. Mfamasia mwanamke aliisoma, akasimama ghafla kutoka kitini, akamwita daktari. Nililazwa siku tisa. Niliambiwa kuwa chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka sana, na kwamba wako waliokufa kwa kosa kama hilo katika nchi zilizoendelea kuliko yetu.

Hakuna aliyeniomba radhi. Mume wangu aliporudi kuuliza, aliambiwa mgonjwa alipaswa kujua dawa zake. Sikutaka fidia wala kesi. Nilitaka mtu mmoja aseme, "Tumekosea, na tumebadilisha namna ya kuandika." Neno hilo ninalingoja hadi leo.

Umbali na lugha

Kutoka Garissa hadi Nairobi ni takriban kilomita 370, na njiani mna vizuizi ambavyo abiria hushuka na kuonyesha kitambulisho. Kwa mtu mwenye magoti yaliyovimba, kushuka na kupanda basi mara kadhaa ni safari ndani ya safari. Aliye Mandera yuko zaidi ya kilomita 900 kutoka mji mkuu. Mabingwa wa maradhi ya viungo nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Nairobi. Mgomo wa madaktari ulipoanza tarehe 14 Machi 2024, Ramadhani ikiwa changa, hadi ulipomalizika tarehe 8 Mei, mimi na wenzangu tulikaa bila kipimo cha damu tukigawana vidonge vilivyosalia.

Lugha nayo ni ukuta. Nimekaa foleni na kina mama wa Kisomali wasiojua Kiswahili wala Kiingereza, mbele ya mganga asiyejua Kisomali. Mkalimani huwa mtoto wa shule, au mlinzi wa mlangoni. Mama atamwambiaje mlinzi kuhusu hedhi yake, au kwamba ndoa yake imetikisika kwa sababu ya maumivu? Hunyamaza, na mganga huandika kuwa hana tatizo jingine. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na tiba yake, panapowezekana, kwa lugha anayoifahamu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Kudai mkalimani mwanamke si ukaidi.

Tangu Oktoba 2024 mfuko wa NHIF umeondoka na mahali pake pameshikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Yapo malalamiko mengi juu ya mpango huu, nami nina yangu. Hata hivyo asiyejisajili hana hata mahali pa kulalamikia. Jisajilini, dada zangu, kabla ya kuugua.

Ibada haikuondoka

Wengi huniuliza nasali vipi. Dini yetu ni nyepesi kwa mgonjwa. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimwelekeza sahaba wake Imran bin Huswayn, aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, akishindwa akae, na akishindwa asali kwa ubavu. Mimi husalia kitini siku za maumivu. Binti yangu hunimiminia maji ya udhu, na ninaamini ana ujira wake. Saumu nayo, daktari aliniruhusu nifunge nikiwa na nafuu, na dawa ya Ijumaa nikaimeza baada ya futari. Palipokuwa na shaka nilimuuliza daktari kwanza, kisha nikamfikishia shekhe maneno ya daktari. Nawanasihi mfuate mpangilio huo.

Binti wa nyumba yetu

Mwaka jana mtoto wa shemeji yangu, binti wa miaka 24 aliyeolewa miezi mitano tu nyuma, alikuja kunisaidia kupika siku ya walima. Nilimwona akikamua ndimu kwa viganja viwili, vidole vimemnyooka. Nikamuuliza, "Mwanangu, asubuhi mikono hukuchukua muda gani kufunguka?" Akaniangalia kana kwamba nimemsoma barua yake ya siri.

Safari hii hatukungoja miaka miwili. Nilimpa daftari, akaandika kila siku kiungo kilichovimba na muda wa ukakamavu. Tulikwenda pamoja, mimi nikiwa mkalimani wake. Alipimwa damu, na tulipoambiwa kipimo kimoja hakikuonyesha kitu, nilijua tayari kuwa baadhi ya wenye maradhi haya vipimo vyao hutoka safi, nikaomba barua ya bingwa vivyo hivyo. Ikapatikana.

Hata hivyo, kabla ya kufika kwa bingwa, alikuwa ameshaandikiwa methotreksati, naye alikuwa akiomba usiku na mchana apate mimba. Hakuna aliyemuuliza. Dawa hiyo huharibu mimba na kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke hapaswi kushika mimba akiitumia, na lazima aiache kwa muda aliopangiwa na daktari kabla ya kujaribu. Niliiona bahasha mezani kwake, bado haijafunguliwa. Nikaichukua.

Bingwa alimbadilishia. Sasa anatumia sulfasalazini na haidroksiklorokwini, dawa ambazo wataalamu huziruhusu kwa mwenye kutaraji mimba, na macho yake yatapimwa kila baada ya muda kwa sababu ya hiyo ya pili. Mikono yake imelainika. Vidole vyote kumi vimenyooka.

Nikienda kuchukua dawa siku hizi, huwa na kalamu mkobani. Bahasha ikishatoka dirishani, siondoki mpaka niandike juu yake, kwa herufi kubwa na kwa mkono wangu uliopinda, neno moja: IJUMAA. Kisha humwomba aliye dirishani alisome kwa sauti. Wengine hukunja uso. Wiki mbili zilizopita kijana mmoja alilisoma, akafikiri kidogo, akaiomba kalamu yangu na kuandika siku ya wiki juu ya bahasha ya mama aliyekuwa nyuma yangu.