Neno 'gemu' limechanganya chemshabongo na kamari

MAJUZI nikiwa Loitokitok, mji ulio chini ya Mlima Kilimanjaro katika Kaunti ya Kajiado, nilimsikia mama akimkaripia mwanawe kibandani: "Wacha kuchezea simu!" Kijana akajitetea: "Nacheza gemu tu, mum." Neno hilo ndilo lililomponza. "Gemu? Si hizo gemu ndizo zilimmaliza mjomba wako?" Simu ikatwaliwa papo hapo.

Nilikuwa nimeuona mchezo wenyewe kabla simu haijatiwa mkobani. Ni ule ambao vijana wengi na, tusifichane, walimu wao pia, huupotezea muda: ubao wa miraba 64, minane kwa minane, na chini yake vipande vitatu vya maumbo tofauti. Unakiburuta kipande kwa kidole na kukipachika penye nafasi. Safu ikijaa, iwe mlalo au wima, inatoweka na kuacha uwazi. Vipande vikikosa pa kukaa, umekwisha. Mzazi wa jamii hii ya michezo ni Tetris, uliobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, ila huu hauna haraka kama ule: vipande havidondoki, vinakusubiri.

Mjomba je? Hapana shaka hakumalizwa na vipande vya rangi. Katika mazungumzo ya Wakenya, 'gemu' lina angalau maana tatu. Mtu akiuliza "Gemu ni saa ngapi?", anataka kujua saa ya mechi ya kandanda. Akisema "Leo nimeweka gemu tano", ameweka pesa kwenye matokeo ya mechi hizo. Na akisema "Niko kwa gemu", huenda anapanga vipande vyake kimyakimya. Mwana alitumia maana ya tatu, mama akasikia ya pili.

Sina ugomvi na ukopaji. 'Karata' tuliitoa kwa Wareno, 'kamari' tukaipata kwa Waarabu, na leo hakuna anayeyaona kuwa maneno ya wageni. Lakini maneno hayo mawili yalipoingia yaligawana kazi. Karata ni vifaa na mchezo wake. Kamari ni kuweka dau ukitumaini kula la mwenzako. Unaweza kucheza karata bila kamari, na unaweza kucheza kamari bila karata. 'Gemu' halikugawana kazi na yeyote.

Hebu tuangalie tashwishi hii inavyozidishwa na kitenzi chenyewe. 'Kucheza' ni kitenzi chepesi mno: tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza kamari, vyote sawa. Kinyambue, ndipo utaona kilichomo. 'Kuchezea' huweza kuwa ni kuwa mchezaji wa timu fulani, kama tunavyosema mtu anachezea Gor Mahia. Huweza kuwa ni kutumia kitu katika mchezo, kwa mfano mtoto kuchezea mwanasesere. Na huweza kuwa ni kukifanyia kitu mzaha au kukigusagusa bila kujali hatari, ndiyo maana tunaonya: usichezee umeme. Mama yule alikusudia maana hii ya mwisho. Kijana angetaka kusema sawasawa, angesema anacheza chemshabongo kwenye simu, kwa kuwa simu ni mahali pa mchezo wala si kitu kinachofanyiwa mzaha.

Kisha kuna 'kuchezesha', kazi ya refa na pia ya mwenye kuendesha bahati nasibu. Na kuna 'kuchezwa', ambalo mitaani kwetu lina maana ya kulaghaiwa: "Wee, nimechezwa!" Kwa minyambuliko hii unaweza kueleza biashara nzima ya kubeti bila msaada wa neno la kukopa. Mmoja anachezesha, maelfu wanacheza, na jioni wengi wao wanagundua kwamba wamechezwa.

Msomaji atasema kwamba hata vipande vile huja kwa kubahatisha. Ni kweli, mchezaji hachagui atakavyoletewa. Ila kinachofanya kamari kuwa kamari ni lile dau, na katika ubao wa yule kijana hamna dau. Humo kunapotea muda na chaji. Hata hivyo, sitamwambia mama kwamba hofu yake haina msingi. Michezo hii ya bure hujilipia kwa matangazo, na tangazo linalojitokeza katikati ya mchezo huenda likawa la kamari yenyewe, ambayo sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18. Ndiyo sababu zaidi ya kuwa na majina mawili: mzazi aweze kusema "chemshabongo sawa, kamari hapana" na mtoto aelewe mpaka uko wapi.

'Chemshabongo' ni neno lililokwisha kuzoeleka kwa maswali na mafumbo ya kupima akili, nami sioni kwa nini tusiliite hili 'chemshabongo ya vitofali'. Kitendo kinachofanywa humo vijana hukiita 'kumechi'. Wanafunzi hukutana na 'oanisha' na 'linganisha' katika mitihani, lakini kuoanisha ni kuweka viwili vinavyofaana pamoja, na kulinganisha ni kutazama vinavyofanana na vinavyotofautiana. Maneno hayo yanaifaa michezo ya kukusanya rangi zinazofanana. Kwa vitofali, kitenzi kilichosimama wima ni 'kupachika': kukiingiza kitu mahali kikae barabara, kama fundi anavyopachika mpini.

Istilahi nyingine zinatusubiri kwenye bao. Wamaasai wana mchezo wao wa jamii hiyo, enkeshui, na Waswahili wana bao la mashimo 32 na kete 64. Mchezaji wa bao ambaye kete yake ya mwisho imeangukia shimo tupu husemekana kuwa amelala. Linganisha na kijana anayesema "nimelosi" baada ya kukosa pa kupachika. "Nimelala" linatosha, na lina ucheshi zaidi. Ningependa pia kusema kwamba ubao uliobaki mweupe, bila kipande hata kimoja, 'umetakata', lakini hapo wazee wa bao watanipinga, kwa kuwa kwao kutakata ni kucheza zamu bila kula kete za mpinzani. Basi tuseme 'umesafika', tusiwaibie.

Limebaki 'levo'. Wengine hupendekeza 'kiwango', wengine 'hatua'. Kiwango hupimwa na hatua hupigwa, ilhali wachezaji niliowasikia husema "nimepanda levo ya 40". Kitenzi walichokichagua wenyewe kinadai nomino yake: ngazi.