Majarida ya Dawa Yanatuhusu Sisi wa Visiwani

Mgonjwa anapopokea vidonge vyake katika dirisha la kituo cha afya, hajiulizi ni nani aliyethibitisha kwamba vidonge vile vitayeyuka tumboni kwa wakati wake, wala kama havikuharibiwa na joto na unyevu wa bohari. Huamini tu. Imani hiyo ni haki yake. Lakini wale waliokabidhiwa dhamana ya afya ya wananchi hawana ruhusa ya kuamini bila ya kujua. Na kujua, katika taaluma ya dawa, huanzia katika majarida ya sayansi ambayo hapa kwetu husomwa na watu wachache mno.

Leo tunapenda kulichukua jarida moja, lenye umri mrefu na sifa kubwa, tutazame limekuwa likishughulika na mambo gani, na sisi wa Unguja na Pemba tuna fungu gani katika kazi ya namna hiyo. Jarida lenyewe ni Journal of Pharmaceutical Sciences la Marekani. Asili yake ni jarida la chama cha wafamasia wa nchi ile lililoanza mwaka 1912, nalo lilipewa jina lake la sasa mwaka 1961.

Mwaka huo huo wa 1961, mtaalamu aitwaye Takeru Higuchi, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alichapisha humo makala fupi juu ya namna dawa inavyotoka ndani ya marhamu inayopakwa ngozini. Alionyesha kwa hesabu kwamba muda ukizidi mara nne, dawa iliyotoka huzidi mara mbili tu. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Hata hivyo, kanuni yake ingali inatumika hadi leo, kwa sababu ilisaidia kuwageuza wataalamu: badala ya kuuliza tu dawa hii ni kitu gani, wakaanza kuuliza dawa hii humfikiaje mgonjwa, kwa kasi gani, na kwa kiasi gani.

Katika miaka ile mimea nayo ilikuwa na nafasi yake. Mwaka 1966 Norman Farnsworth alichapisha katika jarida hilo makala ndefu juu ya njia za kuichunguza mimea ili kujua ina dawa au haina. Wakati huo tayari ua dogo la asili ya Bukini, jirani zetu wa bahari hii moja, lilikwisha kuwapa wataalamu dawa mbili za saratani, yaani vinblastini na vinkristini. Na hiyo ya pili hadi leo hutibu saratani ya damu ya watoto. Basi asitokee mtu akadhani kwamba elimu ya dawa ni mali ya nchi za baridi peke yake.

Kuanzia miaka ya 1980 mwelekeo ulibadilika. Ilipowezekana kutengeneza protini ziwe dawa, kama ile insulini ya binadamu iliyoidhinishwa mwaka 1982, kurasa za majarida haya zilianza kujaa habari za namna ya kuzihifadhi protini hizo zisiharibike, na baadaye habari za chembe ndogo sana za kubebea dawa mwilini. Hatusemi kwamba kazi hiyo haina faida kwetu. Wenye kisukari wapo hapa pia, na chanjo tunazihitaji. Tunalosema ni kwamba mtafiti huandika juu ya lile analolipiwa kulichunguza. Mwenye fedha ndiye anayechagua swali, na maswali ya visiwa vidogo vyenye joto na unyevu mwaka mzima hayajiandiki yenyewe.

Hata hivyo, insafu yatulazimisha kutaja upande wa pili. Kwa desturi, kiwanda kinachotaka kuuza dawa ya kuigiza ile ya asili hutakiwa kuwanywesha watu wazima wenye afya, kisha kuwapima damu, ili kuthibitisha kwamba dawa hizo mbili ni sawa. Gharama yake ni kubwa, na mwishowe mnunuzi ndiye anayeilipa. Mwaka 1995 Gordon Amidon na wenzake walipendekeza dawa zigawanywe katika makundi manne, kwa kutazama zinavyoyeyuka na zinavyopenya katika ukuta wa utumbo, ili kwa baadhi yake jaribio la maabara litosheleze. Tangu mwaka 2004 jarida tunalolizungumzia likaanza kuchapisha mfululizo wa makala, kwa kushirikiana na Shirikisho la Kimataifa la Wafamasia, zinazochunguza dawa za lazima moja baada ya moja: klorokwini, kwinini, lamivudini, na nyinginezo.

Na tutazame dawa mbili za kifua kikuu, ambazo mgonjwa hunywa pamoja. Kwa isoniazidi, makala yasema jaribio la maabara laweza kutosha, ila kidonge kisiwe na sukari ya maziwa, kwa kuwa sukari hiyo hugombana na dawa. Kwa rifampisini, makala yasema jaribio hilo peke yake halitoshi. Ofisa aliyesoma ataupokea mzigo wa kwanza kwa masharti, na wa pili ataudai ushahidi zaidi. Ofisa asiyesoma atazipitisha zote mbili kwa muhuri mmoja, na atakayelipa kosa hilo ni mgonjwa, kwa mapafu yake.

Tena visiwa hivi si wapokeaji tu wa elimu. Mwaka 2001 uchunguzi uliofanywa Zanzibar ulionyesha kwamba klorokwini ilishindwa kutibu malaria kwa zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa waliochunguzwa. Mwezi Septemba 2003 Serikali ikaanzisha dawa mseto yenye artesuneti na amodiakwini. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007 katika jarida la PLoS Medicine: katika Wilaya ya Kaskazini A, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52 kati ya mwaka 2002 na 2005. Na mwaka 2006 jarida la The Lancet la London lilichapisha utafiti mkubwa uliofanywa Pemba, ambao ulionyesha kwamba watoto wadogo waliopewa madini ya chuma pamoja na asidi foliki, bila ya kupimwa kwanza, walizidi kwa asilimia 12 katika kufariki au kulazwa kwa maradhi. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 2003, na baada ya kuchapishwa matokeo yake, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kwa nchi zenye malaria. Damu ya watoto wa Pemba imeufundisha ulimwengu. Mama aliyempakata mtoto wake akatolewa damu hiyo ana haki ya kuyasikia majibu kwa lugha anayoielewa, na mbele ya sheha wake.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kibali cha utafiti wa dawa visiwani kiwe na sharti kwamba muhtasari wa matokeo utaandikwa kwa Kiswahili na kusomwa katika shehia zilizohusika. Al-Biruni, alipokiandika kitabu chake cha elimu ya dawa karibu miaka elfu moja iliyopita, alikusanya majina ya dawa kwa lugha nyingi, kwani alijua kwamba jina lisiloeleweka huweza kumuua mgonjwa.

Pili, udhuru wa bei ya majarida usikubaliwe kwa wepesi. Mpango wa Hinari, uliozinduliwa mwaka 2002, huziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma majarida ya afya bure au kwa malipo madogo. Wafamasia wa Serikali wapewe muda wa kusoma, na waulizwe wamesoma nini.

Tatu, vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa waelekezwe kwenye maswali ya hapa. Aspirini ikipata unyevu huvunjika na kutoa harufu ya siki. Basi vidonge vilivyokaa miezi katika bohari za Micheweni au Makunduchi vina hali gani? Mafuta ya makonyo yanayokamuliwa Pemba yana eujenoli, ambayo madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki kuzibia meno. Je, twaweza kufanya zaidi ya kuyauza kwa pipa?

Maswali hayo hayahitaji majumba makubwa. Yahitaji mizani, joto la kupimwa, daftari, na mtu mwaminifu wa kuandika. Siku makala ya namna hiyo itakapotoka kwetu ikachapishwa, mgonjwa wa dirishani hataijua. Ila kidonge atakachokabidhiwa kitakuwa kimechunguzwa na watu wake mwenyewe.