KUHAMA NYUMBA KWA GHARAMA NDOGO
Mashauri juu ya Katoni, Magunia na Kamba

Miji ya Thika na Ruiru, iliyo umbali wa kilomita 20 hivi baina yao, imekua upesi sana. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2009 Ruiru ulikuwa na watu kiasi cha 238,000. Kwa hesabu ya mwaka 2019 walikuwa wamezidi 490,000. Thika nao ulikuwa na watu zaidi ya 250,000 mwaka huo wa 2019. Barabara kuu itokayo Nairobi hata Thika, iliyofunguliwa mwaka 2012 baada ya kupanuliwa, imewawezesha watu wengi kulala mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine. Basi kila mwisho wa mwezi huonekana mikokoteni na magari madogo yamepakiwa vitanda, meza na sufuria, watu wakihama nyumba hii kwenda ile.

Kuhama kuna gharama nyingi. Mwenye nyumba hutaka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, na mwenye gari hutaka ujira wake. Hizo hazikwepeki. Lakini iko gharama moja ambayo mtu mwangalifu aweza kuiondoa karibu yote, nayo ni ya vifaa vya kufungia mizigo. Tuseme katoni mpya yauzwa shilingi 150, na jamaa wa vyumba viwili wahitaji katoni 20; jumla ni shilingi 3,000, fedha za kununua unga na mafuta kwa siku nyingi. Hata hivyo wahenga walisema kuwa rahisi ni ghali. Katoni mbovu ikipasuka ngazini, sahani zitakazovunjika zitapita bei ya katoni njema. Kwa hiyo yafaa kuokoa fedha katika kununua, bali si katika kuchagua wala katika kufunga.

Jambo la kwanza ni kuanza mapema, yapata majuma mawili kabla ya siku ya kuhama. Anayengoja hata jioni ya mwisho hununua kwa bei yoyote atakayotajiwa. Wenye maduka ya jumla, maduka ya dawa na maduka ya vitabu hupokea bidhaa katika katoni, kisha huzikunja na kuziuza kwa wanunuzi wa karatasi chakavu. Ukimwendea mwenye duka kwa adabu na kumwuliza siku apokeapo bidhaa, huenda akakupa bure au kwa shilingi chache.

Jambo la pili ni kuijua katoni. Ukiutazama ukingo wake utaona karatasi tatu: mbili zimenyooka, na moja katikati ina mawimbi. Mawimbi hayo yakisimama wima hubeba uzito kama nguzo za nyumba. Kwa sababu hiyo usiilaze katoni ubavu na kuweka mzigo juu yake. Nguvu nyingi imo katika pembe. Iliyopondeka pembe, iache. Tena maji ni adui yake mkubwa, kwani karatasi ikilowa hulegea, na hata ikikauka hairudii nguvu yake ya kwanza. Wanaohama wakati wa masika, yaani Machi hata Mei, au wakati wa vuli, Oktoba hata Desemba, wafunike mizigo kwa turubai. Wauzaji wa mitumba katika masoko ya Thika huwa na karatasi ngumu za nailoni zilizofunika marobota yao, nazo zafaa sana kwa kazi hiyo.

Vitabu vyataka katoni ndogo. Katoni ya karatasi za kuandikia yenye rimu tano hubeba kilo 12 na nusu. Hiyo ndiyo ya vitabu, na mtu mmoja aweza kuiinua. Katoni za chupa zilizogawanywa vyumba vyumba ni njema kwa bilauri. Katoni kubwa ziwe za vitu vyepesi, kama sufuria tupu na vyombo vya plastiki.

Jambo la tatu ni kutumia vitu vilivyomo nyumbani. Ndoo, mabeseni, debe na sanduku la bati vitahama kwa vyovyote, usivipakie vitupu. Nguo, mablanketi na leso ndizo za kujazia nafasi kati ya vyombo. Sahani zifungwe moja moja kwa magazeti ya zamani, kisha zisimamishwe kwa ukingo. Zikilazwa, ya chini huchukua uzito wa zote. Nguo na matandiko hayahitaji katoni; gunia safi lililofungwa kwa kamba latosha. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hiyo gunia, ambalo hutumika mara nyingi, ndilo la kutegemewa.

Lakini kuna hatari mbili katika vitu vya bure. Ya kwanza ni sumu. Huku kwenye mashamba ya kahawa, hupatikana katoni na magunia yaliyotiwa dawa za kuua wadudu au magugu. Hayo yasiingizwe nyumbani kabisa, hata yakiwa mazuri kwa macho, wala yasitiwe chakula, vyombo au nguo za watoto. Ya pili ni kunguni na mende, ambao hujificha katika mikunjo. Ifungue kila katoni nje ya nyumba, uikung'ute, utazame madoa meusi madogo. Magunia ya katani yatiwe katika maji yanayochemka kisha yaanikwe. Kumfukuza kunguni katika nyumba mpya ni kazi kubwa kuliko kununua katoni 20.

Mwisho, andika juu ya kila katoni vilivyomo na chumba chake. Ukiisha kufungua mizigo, zikunje zile nzima, uziweke mahali pakavu, umpe jirani atakayehama baada yako. Naye akifanya vivyo hivyo, katoni moja itahamisha nyumba tatu au nne kabla ya kwisha, na fedha za kila jamaa zitabaki kwa mambo yenye maana zaidi.