Mchezo Unaokungoja na Mchezo Unaokuita



Tulipokuwa tukipanga namba hii ya gazeti letu, mmoja wetu aliuliza: «Juu ya nini hatuandikaka hata siku moja juu ya michezo ya telefone, na kila mtu iko naicheza?» Wengine walicheka. Wengine walisema jambo hili si la gazeti la shule. Mimi nilikubali kuliandika, kwa sababu limenipata mimi mwenyewe.

Ilikuwa siku ya posho. Mama alikwenda soko, akaniachia maharagi juu ya mbabula, akaniambia niongeze maji mara kwa mara na nisiache moto uzidi. Nilikaa karibu na moto, telefone ya baba mkononi. Nilikuwa ndani ya mchezo wa vita, ule unaochezwa na watu wengi pamoja kwa mtandao. Tulikuwa wanne upande mmoja, na hatukujuana. Dada yangu mdogo akaniita: «Yaya, maharagi iko naungua!» Nikamjibu: «Niko nakuya, minuti mbili tu!» Zile minuti mbili zikawa kumi. Sikuweza kuusimamisha mchezo, maana ukitoka, wenzako wanabaki watatu, na wewe unapoteza yote uliyopata. Jioni ile watu nane walilala na chai tupu. Mama hakunipiga. Alinionyesha sufuria, akaniuliza: «Ule mutu uliogopa kumuacha mu mchezo, unajua jina yake?»

Sikuwa na jibu. Nimefikiri sana juu ya ulizo lile. Sikuacha michezo kabisa, lakini nimejifunza kuichagua. Hayo ndiyo nataka kuwaeleza. (Walimu wasiwe na wasiwasi: ninasema juu ya nyumbani na likizo. Kanuni ya shule juu ya telefone haibadiliki kwa sababu ya makala haya.)

SIKU YETU IKO NAMNA GANI?

Tuangalie siku ya mwanafunzi. Asubuhi ni maji na kufagia. Kisha masomo. Kisha masomo ni sokoni, ao shamba, ao kulinda watoto. Jioni ni mazoezi ya kwaya, kisha kazi ya nyumbani. Umeme nao unakuja saa unayotaka wenyewe, na unakwenda bila kuaga. Wakati wetu wa kupumzika hauji mzima. Unakuja vipande vipande: minuti kumi hapa, minuti ishirini pale. Na ndani ya kipande hicho, mtu anaweza kukuita wakati wowote.

Basi, mtu mwenye siku ya namna hii asiulize kwanza, «Mchezo gani unapendeza sana?» Aulize: «Mchezo gani unaweza kukatwa katikati bila kuharibika, na kudumu miezi mingi bila kunichosha?»

JUU YA NINI MCHEZO MWINGINE HAUKUBALI KUSIMAMA?

Michezo ya kwanza iliyojulikana sana ilikuwa ndani ya mashini kubwa, katika mabara na nyumba za michezo. Mtu alitia feza ndipo acheze. Space Invaders, iliyotengenezwa na Mjapani Tomohiro Nishikado mwaka 1978, ilikuwa ya namna hiyo. Mwenye mashini alitaka mchezo uishe upesi, ili mwingine naye atie feza. Mashini ile haikuwa na sababu ya kutunza pahali ulipofika.

Michezo ilipoingia ndani ya nyumba za watu, hali ikabadilika. Michezo mingine ilimpa mchezaji maandiko ya siri ayanakili katika karatasi, na kesho yake ayarudishe katika mashini ili aanze pale alipoacha. Mwaka 1986, kampuni Nintendo ya Japani ilitoa The Legend of Zelda juu ya diski iliyoweza kutunza safari ya mchezaji. Mwaka 1987, mchezo huo ulipofika Marekani, ulikuwa katika kasha lenye bateri ndogo ndani, na kazi ya bateri ile ilikuwa kukumbuka. Toka hapo mtu aliweza kuwa na mchezo wa wiki nyingi, akaucheza kidogo kidogo.

Hata leo namna hizi mbili zinaishi pamoja. Kuna mchezo unaotunza pahali ulipofika, na kuna mchezo ambao ukitoka umepoteza. Ule wa watu wengi kwa mtandao mara nyingi uko upande wa pili, kwa sababu watu wengine hawawezi kusimama juu ya maharagi yako.

MCHEZO WA ZAMU

Sisi wote tumeona fundi wa kushona anayecheza dame na jirani yake mbele ya duka, kwa vifuniko vya chupa. Mteja akifika, fundi anasimama, anampima, anaandika, kisha anarudi. Vifuniko viko palepale. Hakuna kilichopotea, kwa sababu ilikuwa zamu yake, na zamu inangoja.

Michezo ya telefone na ya ordinatere iko na jamaa hiyo vilevile. Civilization ya Sid Meier, iliyotoka mwaka 1991, inakupa kabila dogo toka mwaka 4000 mbele ya Kristo, unalijengea miji, barabara na shule, mpaka kufikia safari za nyota. Mchezo mmoja unaweza kuchukua saa nyingi sana, lakini unakwenda kwa zamu: usipogusa kitu, hakuna kinachosogea. Mtoto akilia, unamchukua. Umeme ukirudi kesho, unaendelea.

Sataranji, ule mchezo wa mfalme na farasi, ni wa namna hiyohiyo. Mfaransa Thibault Duplessis alianzisha Lichess mwaka 2010, nayo ni ya bure, tena haina matangazo. Ndani yake unaweza kucheza na mtu aliye mbali kwa namna ya barua: kila mmoja anapewa siku nzima ao zaidi, mpaka siku 14, kwa kusogeza kete moja. Unafungua, unafikiri, unasogeza, unafunga. Mtandao unahitajiwa, lakini kidogo tu.

Lakini niseme ukweli: mchezo wa zamu nao uko na mtego wake. Unakungoja, ndiyo, lakini unakunong'oneza: «Zamu moja tena.» Kisha moja tena. Wachezaji wa Civilization wanaujua sana ugonjwa huu. Zamu ni mlango wa kutokea. Lazima miguu yako mwenyewe ikutoe.

MASHAMBA MAWILI

Kuna mfano mmoja ninaoupenda, kwa sababu sisi ni watoto wa wakulima.

Mwaka 2009 kampuni Zynga ilitoa FarmVille, mchezo wa shamba ndani ya Facebook. Watu mamilioni waliucheza. Ulipanda, ukatoka, mimea ikakua wakati ulipokuwa mbali. Mtu angeweza kusema: mzuri sana kwa mwenye kazi! Lakini mimea ilikuwa na saa yake. Usiporudi kwa wakati, ilinyauka. Basi watu waliamka usiku ili kuvuna mboga ambazo hakuna mtu angeweza kuzila. Mchezo ule ulifungwa katika Facebook mwisho wa mwaka 2020, na yale mashamba yakaisha pamoja nao.

Mwaka 2016 Mmarekani Eric Barone alitoa Stardew Valley. Aliutengeneza peke yake kwa miaka zaidi ya minne: picha, muziki, maneno, yote. Huu nao ni mchezo wa shamba. Siku moja ndani yake inachukua yapata minuti 14, na mchezaji akienda kulala, mchezo unatunza yote. Ukiufunga, saa ya shamba inasimama. Ukikaa mwezi mzima juu ya mtihani bila kuufungua, utakuta nyanya zako kama ulivyoziacha. Uko wa kulipa, lakini unalipa mara moja, na ukiisha kuuweka hauhitaji mtandao.

Angalieni tofauti. Shamba la kwanza linakuita. Shamba la pili linakungoja. Na juu ya nini la kwanza linaita? Kwa sababu mchezo wa bure unatafuta feza yake kwa njia nyingine: matangazo, na vitu vidogo vidogo vya kununua ndani. Kila mara unaporudi, ni faida kwa mwenye mchezo. Ndiyo maana unakupa zawadi ya kila siku, na ukikosa siku moja unakuonyesha kwamba umepoteza. Mchezo wa bure si mbaya kila mara, Lichess ni shuhuda. Lakini mbele ya kuuingiza katika telefone, tujiulize unaishi kwa nini.

MFUPI LAKINI HAUISHI

Mtu mwingine atasema: «Mimi sitaki miji wala shamba, niko na minuti tano tu.» Huyu afikiri juu ya Tetris. Alexey Pajitnov aliutengeneza Moscow mwaka 1984. Vipande vinashuka, unavigeuza, unavipanga; mstari ukijaa, unafutika. Hauna hadithi ya kukumbuka. Ukiurudia kisha mwaka mzima, unajua namna ya kuucheza palepale. Na kudumu? Mwisho wa mwaka 2023, kijana mmoja Mmarekani wa miaka 13 aliifikisha Tetris ya mashini ya zamani ya Nintendo mpaka pahali ambapo mashini yenyewe ilikwama, na mchezo ule ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya 30!

Kwa upande mwingine, michezo ya hadithi ndefu iko na taabu hii: ukikaa wiki tatu, unasahau ulikuwa unakwenda wapi na ulitumwa kwa nani. Dawa yake ni kaye. Mbele ya kufunga, andika mstari mmoja: «Niko kwa daraja, natafuta ufunguo.» Ni kazi ya nusu minuti.

JE, NAWEZA KUCHEZA NA KUFANYA KAZI PAMOJA?

Hapa wengi wanajidanganya, na mimi nilikuwa wa kwanza. Wanasema: «Nitasoma kemia huku nacheza kidogo.» Wazee walisema: Mshika mbili moja humponyoka. Akili ya mtu haifanyi kazi mbili za kufikiri kwa wakati mmoja. Inaruka toka hii mpaka ile, na kila kuruka kunapoteza kitu. Kuna kazi za mikono zinazokubali mchezo wa polepole, kama kukaa kwa duka wakati hakuna wateja. Lakini moto, maji ya moto, mtoto mdogo na kitabu havikubali.

Tena kuna jambo lingine. Mwaka 1927, Bluma Zeigarnik, mwanamke mtaalamu wa mambo ya akili aliyekuwa akisoma Berlin, aliandika kwamba watu wanakumbuka zaidi kazi iliyokatwa katikati kuliko ile iliyokwisha. Wengine walioijaribu nyuma yake hawakupata sikuzote jibu lilelile. Lakini mimi nimeliona kwangu: nikiacha mchezo katikati ya vita, vita inanifuata mpaka katika somo la hesabu. Nikiacha mwisho wa zamu, ao mwisho wa siku ya shamba, kichwa kinatulia. Basi, tuchague mchezo wenye pahali pengi pa kusimamia, na tusimame pale.

MAULIZO SITA MBELE YA KUCHAGUA

1. Nikiitwa sasa hivi, naweza kusimama palepale bila kupoteza kitu?
2. Bateri ikizima kwa rafla, mchezo umetunza pahali nilipofika?
3. Unaweza kwenda bila mtandao, ao utakula mega za baba?
4. Nikikaa mwezi mzima bila kuufungua, utaniazibu?
5. Nikirudi, nitakumbuka nilikuwa nafanya nini?
6. Kuna mtu mwingine ataumia nikitoka katikati?

Kwa maulizo matano ya kwanza, kila mtu apime mwenyewe: jibu moja baya linaweza kuvumiliwa, matatu hapana. Lakini ulizo la sita ni zito kuliko yote. Kama wenzako wa mchezo wanakuhitaji mpaka mwisho, usianze mpaka kazi za nyumba ziishe kweli. Si vema kumuacha mwenzako, hata usiyemjua. Lakini ni vibaya zaidi kumuacha dada yako anakuita mara tatu.

Sasa kwetu siku ya posho mama anaendelea kuniachia maharagi. Naweka telefone ya baba ndani ya chumba mpaka sufuria itoke motoni. Kisha chakula, vyombo vikikauka, nafungua sataranji. Mwenzangu wa mbali amekwisha kusogeza farasi wake toka juzi. Ananingoja, bila kelele. Na dada yangu akiita, «Yaya, kuya!», nafunga na kwenda. Zamu yangu itabaki pale mpaka kesho.

Wandugu, kama mnajua mchezo mwingine wa namna hii, andikeni, mulete karatasi kwa halmashauri ya gazeti. Tutaitia katika namba inayokuja.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano