Asili na Maumbo ya Majina ya Nchi za Kubuni katika Riwaya ya Kiswahili

Majina ya mahali halisi hurithiwa. Mkazi wa Mchukwi au wa Kibiti hulipokea jina la kwao kutoka kwa waliomtangulia, hata kama maana yake ya awali imefifia. Nchi ya kubuni haina wahenga. Jina lake hutungwa na mwandishi, na kwa hiyo kila kiambishi chake kimechaguliwa. Makala haya yanaeleza mbinu tatu za uundaji wa majina hayo, na kuonesha kuwa umbo la jina ni sehemu ya hoja ya riwaya.

Mbinu ya kwanza ni matumizi ya kiambishi u- cha nchi, kama katika Ureno na Uingereza. Katika Adili na Nduguze (1952), Shaaban Robert anaiita nchi ya Mfalme Rai Ughaibu. Shina ghaibu, lenye asili ya Kiarabu, hubeba maana ya kisichokuwapo machoni. Umbo ni la nchi ya kawaida. Maana ni ya nchi isiyoonekana.

Mbinu ya pili ni ya kitenzi-jina. Kusadikika (1951) na Kufikirika (1967) yametokana na vitenzi sadiki na fikiri, vilivyonyambuliwa katika kauli ya kutendeka. Kauli hii huweza kueleza hali, kama katika vunjika, au uwezekano, kama katika pitika. Watu wa Mchukwi wakisema wakati wa masika kwamba njia ya deltani inapitika, hawadai kuwa yupo anayepita saa hiyo. Wanasema kupita kunawezekana. Vivyo hivyo, Kusadikika ni nchi inayoweza kusadikiwa. Aidha, ku- ya kitenzi-jina inafanana kwa umbo na ku- ya mahali, kama katika huku na kule, hivyo tendo linasikika kama mahali.

Mbinu ya tatu ni ya kuunganisha sentensi nzima. Walenisi (1995), riwaya ya Katama Mkangi, huficha kauli "wale ni sisi". Msomaji anayelitamka jina polepole hujikuta miongoni mwa wanaosimuliwa.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Kusadikika ni pazia: mwandishi, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, alihitaji kuificha Tanganyika. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Kama haja ilikuwa pazia tu, jina lolote geni lingefaa. Linganisha na Utopia ya Thomas More (1516), jina lililoundwa kwa Kigiriki kwa maana ya pasipo mahali. Jina hilo linakana kuwapo kwa nchi, Kusadikika halikani. Linamuuliza msomaji iwapo inasadikika kwamba Karama anashtakiwa kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe, na kwamba wajumbe waliotumwa pande sita kutafuta mema walirudi na kuadhibiwa.

Jibu la mtahiniwa linaloishia kwenye "Kusadikika ni Tanganyika" huifunga kesi hiyo katika mwaka 1951. Mofolojia ya jina huiacha wazi: dhuluma ya aina hiyo inasadikika popote sheria inapofanywa siri ya wachache, na haki nayo inafikirika.