Missa Luba Haina Muswada

Wakusanyaji wa kumbukumbu za watunzi wa muziki hutafuta vitu viwili: saini na rasimu. Saini huthibitisha kwamba mtunzi alishika karatasi ile. Rasimu huonyesha alivyofikiri: alipofuta, aliporudia, alipobadili nia. Ndiyo sababu watafiti wanazing'ang'ania karatasi za Beethoven zilizojaa mikato na madoa ya wino. Mwaka 2016, muswada wa Simfonia ya Pili ya Gustav Mahler, aliouandika kwa mkono wake, uliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 4.5.

Je, rasimu ya Missa Luba iko wapi? Mtu wa Kamina au Bukama ana haki ya kuuliza, maana misa hiyo ndiyo kazi ya muziki ya Haut-Lomami, Kongo, iliyofika mbali kuliko zote. Jibu ni kwamba haikuandikwa. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953, akaunda kwaya ya wavulana na walimu wa shule, nayo ikaitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Maneno yalikuwa ya Kilatini. Mahadhi yalitoka kwa watu wenyewe. Kyrie, kwa mfano, ilifuata mtindo wa kasala, utungo wa Waluba. Waimbaji walibuni papo hapo, kila mmoja akimjibu mwenzake. Mwaka 1958 misa iliimbwa Kamina, ikarekodiwa, na kwaya ikasafiri Ulaya.

Nota zilizochapishwa zilikuja baadaye, zikiwa zimenukuliwa kwa sikio kutoka kwenye santuri. Kwa Mahler karatasi ilitangulia sauti. Kamina sauti ilitangulia karatasi. Kwa hiyo ukiuziwa kitabu cha nota cha Missa Luba kama "nakala asili", jua kwamba asili iliyo karibu zaidi ni utepe wa kurekodia, kisha santuri ya toleo la kwanza. Saini ya Haazen juu ya jalada ni saini ya kiongozi wa kwaya. Haithibitishi nani alibuni sauti ipi.

Hali ni hiyohiyo kwa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Nota za gitaa lake zilikuja kuandikwa na mtaalamu, David Rycroft, kutokana na santuri. Tracey alirekodi pia muziki wa Waluba mwaka 1952 na 1957, na kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba aliyoianzisha, ambayo leo iko Makhanda, Afrika Kusini. Thamani ya rekodi hizo inatokana pia na maelezo yanayoambatana na sauti: nani aliimba, wapi, lini.

Basi ukiwa na santuri ya zamani au daftari la kwaya nyumbani, usikate ukurasa wenye saini, wala usipake gundi penye mpasuko. Santuri isimamishwe wima, mbali na jua. Kisha chukua karatasi nyingine, andika kwa penseli ilikotoka na waliomo. Wavulana walioimba mwaka 1958 sasa ni wazee wa kukaribia miaka 80 au zaidi. Jalada lina jina la padri na la kwaya. Majina ya waliobuni wanayo wao, na kazi ya kwanza ya mkusanyaji wa Haut-Lomami ni kwenda kuwauliza.