Juu ya Deni la Askari na Ahali Zake

Mtu apitaye Mwingi au Wote siku ya gulio akauliza, kwa wema na bila kuandika majina, ni nyumba ipi ambayo haikupata kutoa askari, atangoja jibu kwa muda. Kwani babu alikuwa katika Keya, kama wazee walivyoiita King's African Rifles, ami akastaafu kambini, na kitinda mimba yuko mpakani mwa Somalia hivi sasa. Waingereza waliwapenda Wakamba kwa kazi hiyo, wakatunga na hadithi ya kwamba wamezaliwa nayo, lakini sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba Ukambani mvua haiaminiki, ya masika ikiwa na hila kuliko ya vuli, na mshahara wa askari ukawa kwa Kitui na Makueni mvua ya tatu, isiyotegemea mawingu.

Mshahara usiokosa ndio umfanyao askari apendwe na wakopeshaji. Hukatwa juu kwa juu kabla haujafika mkononi, na kwa hiyo mkopo wa karo, wa mabati au wa tangi la maji hupatikana upesi. Jina katika mkataba ni lake peke yake. Walakini ukiutazama mkopo huo kwa makini utakuta kwamba mke ametia saini ya udhamini, rafiki wa chama cha akiba na mikopo ameweka akiba yake dhamana, na baba, kwa huruma ya mzazi, ametoa hatimiliki ya shamba iwekwe rehani. Siku marupurupu ya kazi ya nje yanapokoma, au askari anaporudi na jeraha la kumtoa kazini, deni halimfuati yeye alipo. Huja pale palipoandikwa katika anwani, na anayelipokea ni mwanamke aliyetoka shambani na jembe begani.

Sheria yenyewe imeliruhusu hilo. Kanuni za Mwenendo wa Madai za mwaka 2010, katika Amri ya 5, kanuni ya 12, zasema kwamba mdaiwa akitafutwa mara za kutosha asipatikane, samansi yaweza kuachiwa wakala wake, au mkewe, au mtu mzima mwingine wa jamaa akaaye naye. Kwa mwenye duka aliyejificha chumba cha ndani kanuni hii ni ya insafu kabisa. Kwa askari aliye ng'ambo ya mpaka ni jambo jingine: karatasi ya Kiingereza humfikia mtu asiyetajwa ndani yake, siku za kujibu, ambazo aghalabu ni 15, hupita hali imehifadhiwa sandukuni pamoja na vyeti vya watoto, na mahakama, isiyoambiwa na yeyote kwamba mdaiwa yuko vitani, hutoa hukumu dhidi ya mtu aliye ghaibu. Hakimu hana lawama, kwani kanuni hazimtaki mdai aape kama anayemshtaki ni askari aliye kazini au siye.

Baada ya hukumu huja dalali. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kina huruma yake, kwani kinazuia kukamatwa kwa nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wao. Na mdaiwa akiwa mkulima, huachiwa mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza, na zana za shilingi 5,000. Shilingi 10,000 leo hazinunui ng'ombe. Huenda zikatosha mbuzi mmoja, au wawili katika mwaka wa ukame ambapo kila mtu anauza. Lakini kasoro iliyo kubwa zaidi, na ambayo sijaona ikisemwa sana, imo katika lile neno "mkulima": mwenye kulima ndengu na mtama pale Kyuso ni mke, ilhali mdaiwa katika hukumu ni mume, ambaye kazi yake ni askari, na mdai mwenye wakili hodari ataweza kuhoji kwamba hifadhi ya mkulima haimhusu. Itambidi mke aende mahakamani kwa pingamizi, chini ya Amri ya 22, athibitishe kwamba ng'ombe huyu ni wa mahari ya bintiye na mbuzi yule alimnunua kwa fedha za ndengu. Nani atoaye risiti gulioni?

Na kunadiwa ng'ombe Ukambani si habari ya karatasi tu. Mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipokamata ng'ombe wa Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa ndani yake wakati huo, ikawauza kwa nguvu kwa hoja ya kuokoa udongo, Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu hadi Nairobi. Yeye alihamishiwa Lamu, ila mnada wa nguvu uliachwa, na miongoni mwa yaliyoitia serikali hofu ni kwamba askari na polisi wake wengi walikuwa wana wa wenye ng'ombe hao.

Katika ardhi sheria ni bora kidogo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 hubatilisha rehani ya nyumba ya ndoa isiyo na saini au ridhaa ya mwenzi aishiye humo, hutaka mdaiwa apewe muda usiopungua miezi mitatu wa kurekebisha malipo, kisha ilani nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Ila ridhaa hiyo mara nyingi hutiwa saini mume akiwa na siku chache za likizo, na lori linangoja.

Kinachostaajabisha ni jinsi sheria zetu zinavyomkumbuka askari mahali pamoja na kumsahau pengine. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeweka mpaka, kwamba makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara, lakini kifungu chake cha 3 kinatangaza kwamba sheria hiyo haiyahusu majeshi. Hivyo askari ameachiwa taratibu za ndani za serikali, ambazo mkewe hazioni. Kwa upande wa pili, Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema kwamba wasia wa mdomo hubatilika mwenye kuusia asipokufa katika miezi mitatu, isipokuwa akiwa askari aliye katika utumishi wa vita, ambaye wasia wake hudumu madhali amekufa katika utumishi huo huo. Kumbe mtunga sheria alikwisha kukiri kwamba askari aliye mbali hawezi kupimwa kwa saa ya mtu aliye nyumbani. Alilikiri kwa mauti. Kwa deni bado.

Mtihani mkubwa zaidi ni wa aliyetoweka. Baada ya shambulio la kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, na la Kulbiyow mwaka uliofuata, wapo jamaa waliongoja muda mrefu bila maiti ya kuzika. Kwa kawaida ya Sheria ya Ushahidi mtu hukadiriwa kuwa amekufa akiwa hakusikika kwa miaka saba. Katika muda huo mke si mjane, hawezi kuomba usimamizi wa mirathi, wala hana mamlaka ya kujadiliana na benki kwa jina la mumewe, hali riba inahesabiwa. Na kama si kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kizuiacho riba ya mkopo uliokwama isipite deni la asili, mkopo wa, tuseme, shilingi 600,000 usingekuwa na kikomo. Kifo kikithibitika, madeni hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, na mke hadaiwi chochote cha mfukoni mwake isipokuwa alikuwa mdhamini. Hili la mwisho wajane wengi hawaambiwi, na wapo wanaolipa kwa haya.

Marekani ilianza kulitengeneza jambo hili mwaka 1918, ikaitunga upya sheria yake mwaka 1940 na tena 2003. Riba ya deni lililokopwa kabla ya kuitwa jeshini hushushwa hadi asilimia 6 iwapo utumishi umempunguzia askari uwezo wa kulipa, hata deni likiwa la pamoja na mkewe. Mdai hapewi hukumu mdaiwa asipofika mpaka aape kuhusu uaskari wa mdaiwa. Na ahali waweza kuomba hifadhi kadhaa kwa jina lao wenyewe. Mwaka 2006 ikaongezwa sheria ya kuzuia mikopo mingi ya askari, wake zao na watoto wao isipite asilimia 36 kwa mwaka. Sisemi tuyachukue yote. Askari wa Kenya huajiriwa kwa miaka mingi, hukopa akiwa tayari jeshini, na kikomo cha riba kilichowekwa kwa ajili ya raia aliyeitwa ghafula hakitamfaa. Fauka ya hayo, sisi wenyewe tuliweka kikomo cha riba mwaka 2016 tukakiondoa 2019, baada ya benki kuwakimbia wakopaji wadogo.

Kile kiapo cha uaskari, lakini, hakimgharimu mkopeshaji wa haki kitu. Hakifuti deni wala hakipunguzi senti. Humpa mdaiwa muhula, jambo ambalo Waislamu wa pwani wamelifahamu kama amri ya dini tangu zamani. Tena hakihitaji Bunge zima: Kamati ya Kanuni iliyoundwa na Sheria ya Mwenendo wa Madai ina uwezo wa kuongeza aya moja katika Amri ya 10, kwamba hukumu dhidi ya asiyefika isitolewe mpaka mdai aape kwamba ameuliza, na kwamba mdaiwa akiwa askari aliye nje, kesi isimame kwa siku zitakazotajwa, na dalali asiguse mali iliyo mikononi mwa mkewe wala ya mzazi aliyemdhamini.

Hadi hapo, mwenye kuachiwa samansi ya mumewe asiiweke sandukuni. Ampelekee mume picha ya karatasi hiyo kwa simu siku ile ile, aombe kwa njia ya kikosi barua ya kuthibitisha mume yuko wapi, na aifikishe katika mahakama iliyotajwa juu ya karatasi, ikiwa ni Kitui, Mwingi, Kyuso, Makindu au Makueni, kabla ya siku ya 15. Akichelewa, Amri ya 10, kanuni ya 11, bado humruhusu hakimu kuitangua hukumu, na barua ile ya kikosi huenda ikasaidia hapo.